Benchi la Nyuma la Kanisa la Idunduma

Jumanne moja ya mwezi Juni, saa nne asubuhi, Hilda aliteremka kwenye Kosta iliyotoka Njombe, akasimama karibu na stesheni ya TAZARA ya Makambako kukwangua matope kwenye viatu vyake. Alikuwa na miaka sabini, mkulima wa viazi, na alikuja kutazama kanisa lililobomolewa.

Kanisa la Idunduma lilijengwa kwa matofali ya kuchoma. Lilibomolewa miaka kumi na moja iliyopita ili lipatikane eneo la kuweka jipya lenye bati la bluu. Jasmine, msanifu majengo aliyezaliwa hukohuko, alilijenga tena ndani ya kompyuta kwa kufuata picha za wamisionari na kumbukumbu za wazee waliompimia kwa hatua za miguu. Mtu akivaa miwani kubwa nyeusi, alijikuta amesimama mlangoni mwa kanisa. Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi nyuma ya stesheni na yeyote aliruhusiwa kuingia.

Jasmine alitengeneza kuta, mabenchi, mimbari na kengele. Watu hakuwatengeneza. Siku ya tatu ya maonyesho walionekana wameketi, wanaume kulia na wanawake kushoto, marehemu wote, na ibada ikaendelea. Jasmine alikagua mafaili yake, hakuona kosa, akabandika karatasi ukutani: "Wageni wanaombwa wasizungumze wakati wa mahubiri."

Mbele ya Hilda kwenye foleni alisimama Mzee Kefa wa Idunduma, mtu wa miaka themanini.

"Funga koti, dada. Humo ni Julai."

"Na hapa nje ni nini?"

"Hapa ni Juni. Lakini humo madirisha hayana vioo. Mimi juzi nimetoka na mafua."

Alikuwa ametoka na jogoo pia, aliyempata kwenye mnada wa mazao baada ya ibada. Konda wa basi alimwambia tu amweke chini ya kiti.

Hilda alivaa miwani. Alimtafuta mama yake, Letisia, kwenye mabenchi ya wanawake, asimwone. Akageuka, akamkuta palepale alipomzoea: benchi la nyuma kabisa, la waliotengwa. Kwa desturi ya usharika ule, aliyeanguka dhambini alikaa huko, bila kushiriki Meza ya Bwana, mpaka baraza la wazee wa kanisa limrudishe kundini. Letisia aliwekwa huko mwaka aliomzaa Hilda bila ndoa. Alikaa miaka ishirini na sita, akafa, akazikwa bila kupigiwa kengele. Mwanamume hakumtaja kwa yeyote ila kwa Hilda. Alikuwa Nahumu, mwenyekiti wa baraza la wazee, na sasa aliketi benchi la mbele, koti limefungwa vifungo vyote.

"Kamwene, mama," alisema Hilda.

"Kamwene. Umezeeka."

"Nimekupita. Wewe uliishia arobaini na nane."

"Basi mimi ndiye wa kukupa shikamoo," alisema Letisia, akarudi kusikiliza mahubiri.

Hilda alivua miwani, akamwendea Jasmine kwenye meza yake.

"Mwanangu, kanisa hili umelijenga wewe. Lile benchi lisogeze mbele."

Jasmine alibonyeza mara mbili. Benchi lilifika karibu na mimbari, tupu. Letisia alibaki nyuma, ameketi sakafuni, mikono magotini. Jasmine alilirudisha kwa sababu sakafu ilikuwa ya baridi.

Wiki iliyofuata Hilda alimleta Mchungaji Elius, wa kanisa jipya. Mchungaji alivaa miwani, akakaa nayo nusu saa, akaivua akiwa na umande kwenye kola.

"Nimezungumza nao, mama. Kumrudisha mtu kundini si kazi yangu peke yangu, ni ya baraza lililomtenga. Na baraza lipo. Akidi imetimia."

"Limesemaje?"

"Mwenyekiti anasema atubu kwanza. Amtaje aliyetenda naye."

"Baba Mchungaji, mwenyekiti ndiye aliyetenda naye."

Mchungaji alipangusa kola kwa leso. "Hilo halimo kwenye kumbukumbu za kikao, mama."

Hilda alirudi kwa mama yake, akamsihi ataje. Letisia alitikisa kichwa.

"Yangu niliikiri. Yake sitaibeba. Miaka yote hii nakitazama kisogo chake. Akitaka kusema, mdomo anao."

Basi Alhamisi, wakati wa matangazo, Hilda alikwenda akasimama katikati ya kanisa. Waliokuwa kwenye foleni walimwona kwenye skrini ya ukutani.

"Mimi ni mtoto wa Nahumu," alisema. "Mama yangu hakuanguka peke yake. Naomba arudishwe."

Hakuna aliyegeuka. Katibu wa baraza alichovya kalamu kwenye wino, akamtazama mwenyekiti, akaifuta. Nahumu alisimama taratibu. Alisema matangazo hutolewa na wazee wa kanisa, kisha akatangaza siku ya kukata nyasi za kuezekea nyumba ya mwalimu. Alimtazama Hilda mara moja. Pua yao ilikuwa moja. Wimbo ukaanza.

Hilda alipovua miwani, Mzee Kefa alikuwa amemshikia fimbo yake.

"Umesema vizuri, dada. Sisi tulikuwa tunajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kutembea. Ulikuwa unatembea kama yeye."

Hilda alichukua fimbo yake, akatoka.

Mwezi Septemba maonyesho yalifanywa ya kudumu. Kamati ilibandika kibao cha shaba kinachomtaja Nahumu kuwa kiongozi wa ujenzi, ikachapisha na kipeperushi. Jasmine aliandika maelezo ya benchi la nyuma jinsi lilivyokuwa. Kamati ilimwambia kwamba wageni wanakuja kutazama majengo, na kipeperushi kikatoka kikisema benchi hilo lilikuwa la waliochelewa ibadani.

Tangu hapo Hilda huja kila Alhamisi. Huvaa miwani na kwenda moja kwa moja nyuma, na Letisia husogea pembeni ampishe. Huketi bega kwa bega mpaka chaji ya miwani iishe. Wageni wenye kipeperushi mkononi hupita wakiwatania.

"Akina mama, leo tena mmechelewa?"

Letisia huwajibu kwamba yeye hufika kabla ya watu wote, kufagia kanisa, maana kufagia hakukuwamo katika yale aliyokatazwa.