Udaga wa Deodata

Laurian aliulinda uwanja ule mdogo wa ndege wa Mabawe kana kwamba ameurithi kwa baba yake. Kuanika pale udaga, ile mihogo ya unga wa ugali, ilikuwa marufuku, hata kandokando. Majuzi tu alimfukuza jirani yao Febronia na mihogo yake, akamwaibisha mbele za watu. Kwa hiyo Deodata, mke wa Laurian mwenyewe, alianika wake kimyakimya, mstari mmoja mrefu ukingoni kando ya mtaro, mahali ambapo mumewe hakuwa na kawaida ya kupita.

Asubuhi hiyo hakuna aliyekumbuka mihogo. Binti yao Joyness alilala kwenye machela kando ya kibanda, uchungu umemshika tangu jana, mtoto amekwama, na ndege ya kumpeleka hospitali kubwa ilikuwa njiani. Moshi wa mapori yanayoungua ulikuwa umefunika bonde lote. Rubani angetegemea macho ya Laurian, na macho ya Laurian yalikuwa kamera iliyofungwa kwenye nguzo mwisho wa uwanja. Kwenye skrini kulikuwa na alama ya msalaba. Msalaba ukikaa juu ya mstari wa chokaa wa katikati, kazi ya Laurian ni kumwelekeza rubani aufuate.

Lakini ng'ombe walikuwa wamejikuna kwenye nguzo mpaka ikageuka. Laurian alikimbilia kibandani kwenye skrini, akamwachia mkewe kuizungusha, wakiongea kwa simu.

"Nauona mstari mweupe," alisema. "Ndio wenyewe?"

Deodata alitazama. Chokaa ilikuwa imefutwa na kwato. Weupe uliobaki ulikuwa udaga wake. Aliona aibu ya Febronia ikimgeukia yeye, akajiambia kwamba rubani naye ana macho.

"Ndio wenyewe."

Ndege ilichomoza kwenye moshi, Laurian akimwelekeza rubani kwa redio: kushoto, kushoto tena, vizuri. Gurudumu likaingia mtaroni, bawa likavunjika. Rubani alitoka mzima. Joyness alifariki kabla jua halijazama, yeye na mtoto wake.

Msibani watu walimlaumu Laurian, naye alikubali yote, akisema macho yake yamezeeka. Deodata alimsikia kutoka mkekani alipokaa na wanawake. Febronia alimwekea sahani ya ugali, akainama sikioni mwake.

"Kula, mama Joyness. Ni udaga wako ule wa uwanjani. Niliuanua kabla mzee hajauona."

Deodata alimega tonge, akala.