Chuma cha Mzee Zakayo

Baba yangu, Mzee Zakayo, alikuwa fundi wa reli kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu alikuwa na kazi moja tu: kubuni chuma ambacho kingemwokoa mdogo wangu Matia, aliyekwisha kufa.

Stesheni ya kwetu iko kwenye mteremko. Behewa likiegeshwa, mtu huchuchumaa akaweka jiwe chini ya gurudumu. Ndivyo walivyofanya wote, baba akiwamo, na ndivyo baba alivyomfundisha Matia. Siku moja jiwe likateleza kabla Matia hajajitoa. Sitaki kueleza zaidi.

Baba akachora chuma chenye meno kinachobana reli. Gurudumu likianza kuteremka linakipanda, na uzito wa behewa lenyewe unakikaza. Miaka sita alichora, akafuta, akachora tena. Nilipopata kazi ya ulinzi Dubai, kwenye mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers, nikamwambia kwa kujigamba kwamba ghorofa ya kumi na nane kuna kampuni ya vifaa vya reli. Lo, mdomo ukaponza kichwa! Baada ya wiki tatu michoro ikafika, imefungwa ndani ya kanga ya mama, na kikaratasi: "Wape wakubwa."

Nani awape? Kazi yangu ni kufungua mlango na kumwita kila mtu sir. Nikaiweka chini ya godoro, kwenye chumba chetu cha watu sita kule Discovery Gardens. Kila Ijumaa baba akipiga simu namwambia wanaiangalia, inshallah. Miaka miwili. "Subira huvuta heri," anajibu mzee, nami nakata simu nikijichukia.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi uliopita baba akaniambia moyo wake umepanuka, daktari amemkataza hata kubeba ndoo, na anataka jibu akiwa hai. Kesho yake nikamsimamisha madam Sharifah mbele ya lifti, nikampa michoro. Yeye ni mhandisi wa kampuni ile, mzaliwa wa hapahapa Dubai, lakini bibi yake alitoka Unguja na Kiswahili hawajakiacha nyumbani.

Siku ya tatu akashuka mwenyewe mpaka mapokezi, uso umemshuka.

"Kasian, babaako fundi kweli. Hesabu zake zote sawa. Lakini kitu hichi kipo."

"Kipo wapi, madam?"

"Kilibuniwa Uingereza, mwaka elfu moja mia nane sabini na nne."

Akanionyesha kwenye simu orodha kuukuu ya bidhaa: chuma kilekile, meno yaleyale. Aliyekibuni aliitwa Enoch Barlby, mtoto wa mhunzi. Alianza na tanuri moja uani, akaishia na kiwanda cha watu mia nne. Aliuza vyuma vyake mpaka India na Ajentina, akajenga nyumba yenye madirisha ishirini, akazeeka salama, akazikwa na watoto wake. Nilimwonea wivu hapo tu, kwenye kuzikwa na watoto wake.

Lukman, Mganda ninayelinda naye, akaniambia, "Wewe, mwambie mzee wameikubali. Afe na furaha, khalas." Lilikuwa shauri jema, sasa najua. Lakini nilichoka kumdanganya, na nikadhani, mjinga mimi, kwamba atafurahi kusikia akili yake imelingana na ya Mwingereza tajiri.

Ijumaa mchana nikampigia, nimesimama nyuma ya jengo penye mapipa ya taka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wamesemaje?"

Nikamwambia yote, nikamsifia hesabu zake.

"Mwaka gani umesema?"

Nikamtajia tena.

"Reli ya kwetu ilikuwa haijajengwa bado."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo ilipojengwa, chuma hicho kilikuwa kinauzwa."

Nikataka kumrudisha kwenye hesabu zake, akanikatiza.

"Kasian, mimi nilikuwa najiambia Matia alikufa kwa sababu hakuna mtu duniani aliyekuwa amekifikiria. Nilimfundisha jiwe kwa kuwa hapakuwa na kingine."

Nikasema baba, nisikilize, baba. Simu ilikuwa imeshawekwa chini, haijakatwa. Nikamsikia analia, mtu ambaye hakulia hata makaburini, kisha mama akaiokota na kuniuliza nimemfanya nini mumewe.