Tupa Kwenye Bamba la Kitako

Sixten Brandelius nililala naye bweni moja kwa miaka sita, na shuleni kwetu tulifunzwa kwamba mwenzako hakaguliwi. Akisema amefanya, amefanya. Ndiyo maana aliponiita nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Karlstad, nimsomee alama za bunduki kuukuu ya jeshi aliyosema ni ya ukoo wao, nilikwenda bila swali. Chama chetu cha walenga shabaha kilikusudia kuitundika ukumbini, na maelezo yake niyaandike mimi.

"Karibu, daktari wa vyuma!" alisema mlangoni. "Kahawa kwanza au mgonjwa kwanza?"

"Mgonjwa. Wewe kahawa yako ni dawa ya viroboto."

Nikailaza bunduki juu ya blanketi. Penye mtutu palikuwa na taji, herufi za mkaguzi aliyeipokea kwa niaba ya jeshi, na mwaka, 1874. Alama hizo zilisomeka vizuri. Lakini bamba la chuma linalofunika kitako, mahali jeshi lilipozoea kugonga jina la kikosi na namba ya askari, lilikuwa tupu.

"Kutu hiyo," Sixten alisema upesi kabla sijauliza.

Kutu huchimba mashimo; hapa nilikuta mikwaruzo ya tupa iliyonyooka, yote ya upande mmoja. Tena jeshi letu halikuwa na desturi ya kufuta. Bunduki ilipohamishwa kikosi, alama ya kwanza ilikatwa mstari na mpya ikagongwa kando, ili kila mtu aone ilikotoka. Aliyefuta hapa hakuwa mtu wa jeshi.

Nikachukua bisibisi, nikalifungua bamba. Kwenye mti uliofichwa nalo paligongwa 83, na chini yake mtu alichonga kwa kisu: E. Hjelm.

Elof Hjelm alikuwa babu wa baba yangu. Themanini na tatu ilikuwa namba ya kijumba chake cha askari, enzi ambazo mashamba kadhaa yalijiunga kumtunza askari mmoja kwa nyumba na kipande cha ardhi. Jeshi lilipoziuza bunduki za zamani, aliinunua yake. Ilitoweka siku tulipomhamishia baba kwenye nyumba ya wazee, na waliobeba vitu tulikuwa wawili, mimi na Sixten. Baba aliamini nimeiuza. Alikufa akiwa amenigeuzia uso ukutani. Dada yangu Gunvor hadi leo hunichoma mbele ya wageni: "Torkel ana kila kitu cha kiungwana, ila bunduki ya babu." Na huyu Sixten alikaa karibu nami siku ya mazishi, akanishika bega, akasema wazee husahau.

"Umeona nini?" aliuliza.

Nikamgeuzia kitako.

Aliinama akalisoma jina. "Torkel, ndugu yangu, tusikuze mambo. Askari wa themanini na tatu alilishwa na shamba la ukoo wetu. Namba ilikuwa ya shamba, si ya mtu. Akiondoka mmoja, anayefuata anairithi. Kihistoria ile bunduki..."

"Kama ilikuwa haki yako, tupa ilikuwa ya kazi gani?"

Akaisukuma bunduki upande wangu. "Ichukue basi, yaishe. Sisi ni watu wa bweni moja."

"Nimpelekee nani? Baba?" Nikaiweka simu mbele yake. "Mpigie Gunvor. Mwambie wewe mwenyewe."

Alipiga, simu ikiwa kwenye spika ili nami nisikie.

"Gunvor, shikamoo dada. Habari njema! Bunduki ya Elof imepatikana. Nimeikuta kwa dalali mmoja, nikainunua kwa ajili yenu."

"Kwa dalali?" Gunvor alicheka kwa uchungu. "Kwa hiyo baba alisema kweli. Torkel aliiuza."

Sixten hakumrekebisha. Aliinamia meza, akaacha neno lile lisimame.

Nilimjua tangu tukiwa na miaka kumi na miwili, na shuleni hakuna aliyewahi kumtaja mwenzake kwa wakubwa. Nilivuta simu.

"Gunvor, ni mimi. Niko kwa Sixten. Hakuna dalali. Aliichukua yeye siku tuliyomhamisha baba, na alama ameifuta kwa tupa. Yuko hapa, muulize."

"Sixten?" alisema Gunvor.

Sixten alinyanyuka, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji.

"Sixten!" Gunvor aliita tena.

Nilimwachia simu ikiita jina lake mezani, nikatafuta koti langu.