Ansel Aliingia Kabatini Mwenyewe

Ansel Pruitt aliingia kabatini kwa miguu yake mwenyewe, na siku ile hakupatikana mtu mzima wa kulikubali hilo.

Nilizunguka majimbo mengi kabla ya kupata kazi ya ufundi na usafi katika shule ya sekondari ya mji mmoja wa mahindi, huko Nebraska. Ilikuwa wiki ya mechi kubwa ya mpira wa Kimarekani, wa kushika kwa mikono na kuangushana, ile ambayo waliomaliza zamani hurudi kutazama, na mwalimu wa lugha alikuwa amewapa wanafunzi kazi: tazameni filamu za maisha ya shule, kisha mwandike iwapo nyinyi ndio hao mnaowaona. Kwenye filamu zenyewe shule zote zina watu wale wale. Jitu la mpira lisilo na akili. Mrembo wa kushangilia, mdomo sumu. Na kipanga wa miwani, bingwa wa hesabu, ambaye lazima asukumizwe ndani ya kabati lake la vitabu, lile jembamba la chuma la koridoni.

Ansel alikuwa na miwani, kweli, na mwili wa ufagio. Lakini hesabu zilikataa kumwingia kabisa. Aliyekuwa akimfundisha ni Thad Bruening, mchezaji wa mstari wa mbele, kijana mpana kama mlango wa ghala, ambaye akikukanyaga ataomba radhi mpaka uchoke wewe. Kiongozi wa washangiliaji, Corliss, alikuwa akifuga nguruwe wa maonyesho, na mkobani alibeba kopo la mafuta ya kupaka viwele vya ng'ombe. Anajipaka mikononi, anasema hakuna kama hayo.

Basi wakati wa chakula hao watatu wakasimama koridoni mbele ya kabati la Ansel.

"Filamu zinadanganya," Corliss akasema. "Humu haingii mtu."

"Mimi naingia," akasema Ansel.

Akampa Thad miwani ashike. Akampa na mkate wake, maana hakuwa na njaa. Akaingia kinyumenyume, mkono mmoja juu, akatoa pumzi yote, na kweli akaenea. Halafu akavuta pumzi. Akakwama.

Corliss akaja mbio kunitafuta mimi na koleo langu, na njiani tukampata mkuu wa shule, Bwana Lindquist. Tulichokikuta ni hiki: kiatu cha Ansel kinaning'inia nje ya kabati, na mbele yake Thad, miwani mkononi, mkate mdomoni.

"Bruening!"

Thad akameza. "Bwana Lindquist, samahani, sivyo unavyofikiri."

"Miwani ya nani hiyo?"

"Ya Ansel."

"Na mkate?"

"Wa Ansel pia. Lakini kanipa!"

"Aha. Kakupa."

"Nimempa!" sauti ikatoka kabatini. "Na nimeingia mwenyewe!"

Mkuu akainama, akaongea kama anayembembeleza paka juu ya mti. "Ansel, mwanangu, usiogope. Sasa uko salama."

"Salama wapi, nimekwama!"

Mkuu akanigeukia. "Unaona? Hofu imemshika mpaka anamtetea."

"Bwana Lindquist, mimi ndiye niliyembishia," Corliss akasema.

"Nilijua tu. Wewe mpenzi wa Bruening lazima useme hivyo."

"Mpenzi? Ptuu! Huyu binamu yangu! Mama zetu ndugu!"

Koleo halikusaidia kitu. Corliss ndiye aliyefungua kopo lake, akampaka Ansel mabegani na mbavuni, tukavuta, akachomoka kama ndama anayezaliwa.

"Ijumaa huchezi," mkuu akamwambia Thad. "Sheria unaijua. Mwonevu havai jezi."

Thad aliifuta miwani kwa fulana yake, akamrudishia mwenyewe. "Babu ameshapanda basi," akasema, sijui akimwambia nani. Babu yake, aliyemfundisha kushika mpira, alikuwa anatoka Minnesota. Hajawahi kumwona akicheza, na huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa Thad shuleni.

Ansel akawaka. "Mtu hasukumwi humo! Mabega yanagonga! Mwambie Thad anisukume, utaona."

"Haya, Bruening. Msukume."

Thad akanyoosha vidole viwili. "Nikimuumiza je?"

"Sukuma, wewe!" Ansel akasema.

"Samahani." Akasukuma kidogo. "Samahani tena."

"Anaigiza huyu!" mkuu akafoka. "Hivyo ndivyo watu wanavyosukuma? Pisha." Akavua koti. Alicheza mpira enzi zake, tulijua wote kwa kuwa hakuacha kutukumbusha. Akamkumbatia Ansel, aliyekuwa anateleza kama kambale, akamgandamiza kwa bega. Ansel akagonga, akarudi. Mkuu akaja tena, uso mwekundu. "Ingia! Ingia, nimesema!"

"Ondoa mikono yako kwa mwanangu!"

Alikuwa Bi. Pruitt, mama yake Ansel. Karani wa ofisi alikuwa amempigia simu kwamba mtoto wake amekwama kabatini.

"Bi. Pruitt," mkuu akasema, "sivyo unavyofikiri."

"Mama, anisukume nimesema mimi," Ansel akamwambia.

Mama akamshika mashavu. "Ansel, mwanangu, usiogope. Sasa uko salama."

Corliss akageukia ukuta, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mkuu akaitazama mikono yake inayong'aa mafuta ya ng'ombe. Kisha akamtazama Thad, muda mrefu.

"Thad," akasema. Kumwita hivyo ilikuwa mara ya kwanza. "Tafadhali, mweleze."

"Bwana Lindquist hana kosa, Bi. Pruitt. Samahani."

"Masikini," mama akasema. "Na wewe kakutisha?"

Ijumaa Thad alicheza. Kila alipomwangusha mpinzani alimpa mkono, akamwinua, akamwomba radhi, na kule jukwaani babu yake alisimama, kofia mkononi, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Acha kuwainua, we mtoto! Acha kuwainua!"