Maji ya Misumari

Nuru aliposhuka kwenye pikipiki, alimkuta mama yake, Chadia, amelala barazani mwa nyumba yao ya Kasongo. Tumbo lilikuwa limevimba kama la mjamzito aliye karibu kujifungua, mikono imebaki mifupa. Hata hivyo alitabasamu.

"Karibu, mutoto yangu. Ile dawa yako niko nakunywa kila siku."

"Dawa gani, mama?"

Mama mkubwa Aicha akaleta sufuria. Ndani ya maji mekundu ililala misumari yenye kutu, pamoja na kipande cha sururu kilichotoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila.

Nuru aliitazama, akaelewa. Alikuwa anasomea biolojia Kisangani, na mwezi uliopita alimweleza mama yake kwa simu jambo alilojifunza darasani: kwamba seli za kanseri ya ovari, ile iliyompata mama yake, hujilimbikizia chuma kingi, na chuma hichohicho, kikichochewa, kinaweza kuunguza utando wa mafuta unaozizunguka, zikafa. Wataalamu walikuwa wanatafuta namna ya kuuwasha moto huo. Aliyasema ili kumpa moyo tu.

"Mama, si hivyo," alisema, akipiga magoti. "Chuma cha kunywa hakiui kanseri. Kitakuumiza bure."

"Lakini wewe ulisema kinaua."

"Kule labo, mama. Ndani ya visahani vya majaribio. Dawa yenyewe haijapatikana."

"Itapatikana lini?"

Nuru alitamani kudanganya, akashindwa. "Sijui. Si leo wala kesho."

Daktari alikuwa amekwisha kumwambia Chadia kwamba ugonjwa umesambaa tumboni kote, hata upasuaji hautafaa kitu, naye aliyapokea maneno hayo bila chozi. Sasa alilia.

"Basi mwaga," alisema, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za dawa, na chakula alikikataa. Nuru alimkanda miguu, akamwombea dua, akambadilishia shuka. Chadia alifariki Ijumaa moja asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Matangani, Aicha alisema mbele ya wanawake wote: "Alianza kupata nafuu. Huyu ndiye alimukatisha dawa."

Nuru alikuwa na majibu, tena ya kisomi, lakini aliinama, akaendelea kukusanya vikombe. Alipoondoka kurudi Kisangani, hakuna aliyetoka nje kumsindikiza.