Milango Miwili, Picha Moja

Mzee Zamoyoni alikuwa na wake wawili na tumbo moja, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia. Bi Tabu alikaa karibu na stesheni, Bi Mwanaidi karibu na kisima, na katikati yao ulilala mji mzima wa Shinyanga, ambao miaka ile ya thelathini ulikuwa barabara moja ya maduka, soko, na vumbi la kuwatosha wote. Akila wali kwa Tabu, na kwa Mwanaidi sufuria iko jikoni inamngoja. Akinunua doti ya kanga, sharti anunue na ya pili. Watu walimsifu kuwa ni mtu wa haki, naye sifa hiyo aliipenda kuliko wali wenyewe.

Ndipo akaja Theonest, mpiga picha wa Kizinza, aliyekuwa amechoka kuwapiga picha wachimba dhahabu wa Geita waliokakamaa na sururu zao mbele ya kamera kana kwamba wanahukumiwa. Alitaka kuipiga Shinyanga yote katika picha moja ndefu. Kamera yake haikuweza kuumeza mji kwa tonge moja, kwa hiyo angepanda mwamba ulio nyuma ya maduka, apige upande wa stesheni, ageuze kamera kidogo, apige soko, ageuze tena, mpaka afike kisimani. Kisha angezikata picha pembeni na kuzigandisha pamoja.

"Mshono utaonekana," alisema Mzee Zamoyoni, ambaye alikuwa muuza nguo na mambo ya mishono hadanganywi.

"Hutauona, mzee. Nitaupitisha penye kona ya nyumba au penye nguzo."

Habari ziliwafikia wake. Tabu akasema wazi kuwa yeye ndiye bibi mkubwa, na mume atasimama mlangoni pake. Mwanaidi akasema, "Sawa," akaendelea kuchambua mchele. Ile "sawa" ilimnyima mzee raha kuliko maneno yote ya Tabu. Picha ile ingetundikwa ukutani miaka na miaka, na mke atakayeonekana humo peke yake angekuwa shahidi wa kudumu kwamba Zamoyoni anapendelea.

Akamfuata Theonest. "Kutoka kipande kimoja mpaka kingine, unachukua muda gani?"

"Nabadilisha sahani ya kioo inayonasa picha, nageuza kamera, napunga kitambaa cheupe watu watulie. Si haba."

Mzee Zamoyoni akaondoka akitabasamu peke yake.

Siku ya picha alisimama mlangoni kwa Tabu, kanzu imepigwa pasi, mkongojo mkononi, uso wa mtu asiye na haraka duniani. Kitambaa kikapungwa. Picha ilipokwisha akaaga kwa adabu, akakunja kona, akaishika kanzu kwa mikono miwili na kutoka mbio. Alipopita sokoni, Mbuke muuza maziwa akapaza sauti: "Mzee, umeibiwa au umeiba?" Soko zima likacheka. Hakugeuka. Aliwahi mlangoni kwa Mwanaidi, akajipangusa jasho, akaweka uso uleule.

Picha ilipokuwa tayari, Theonest aliitandaza sebuleni kwa Tabu, na Mwanaidi akaitwa. Kweli mshono haukuonekana. Mzee aliupapasa kwa kidole kama apapasavyo kitambaa, asiupate. Ila Tabu aliazima kioo cha kukuzia cha fundi saa, akainama, halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Huyu hapa sokoni ni nani?"

Sura ilikuwa imefifia kwa mbio, lakini tumbo lilijulikana.

"Kumbe hivi ndivyo unavyotoka kwangu, Baba Abdu? Mbio? Sijawahi kukuona ukikimbia kuja."

"Na kwangu umefika na kiatu kimoja," alisema Mwanaidi. "Kingine hiki hapa, mbele ya muuza maziwa."

Mzee Zamoyoni alimwomba Theonest akiondoe kile kipande. Theonest akasikitika kwa adabu: akikiondoa, mji utakatika katikati, na soko litakuwa halipo. Aibu ilimpanda mzee mpaka masikioni. Akaapa kwamba haki itatendeka: picha itapigwa upya, kamera ianzie kisimani, naye atakimbia kutoka kwa Mwanaidi kwenda kwa Tabu. Wake walitazamana.

"Sawa," alisema Mwanaidi.

"Sawa," alisema Tabu, na hiyo ndiyo iliyopaswa kumshtua.

Safari hii mji wote ulijua, na watu walijipanga barabarani kama wanangoja gari la moshi. Kwa Mwanaidi alikuta mlango umefungwa. Akadhani mwenyewe bado anavaa, akabisha, akabisha tena, kitambaa kikapungwa, akasimama peke yake. Basi, afanye nini! Akaishika kanzu, akakimbia. Viatu alikuwa amevifunga kwa kamba. Sokoni kelele zilikuwa nyingi, wanaume wanapiga miluzi, sauti za wanawake zinaita, "Baba Abdu, njoo! Njoo hapa!" Akajua ni Mbuke na wenzake. Akakaza shingo, macho kwenye mlango wa stesheni tu. Alipofika, na ule pia ulikuwa umefungwa. Kitambaa kikapungwa.

Theonest alipoleta picha ya pili, mzee alikichukua kioo mwenyewe. Upande huu alikuwa yeye, peke yake, mbele ya mlango uliofungwa. Upande ule yeye tena, peke yake, mbele ya mlango mwingine uliofungwa. Katikati, pale sokoni, nje ya duka lake mwenyewe la nguo, wake zake wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, kanga mpya mabegani, wanacheka midomo wazi na kumpungia mikono mtu mnene anayewapita mbio bila kuwatazama.

Kati yao, pale kwenye benchi, walikuwa wameacha nafasi.

Mzee Zamoyoni aliitazama nafasi ile kwa muda. Ilikuwa pana, ya kumtosha yeye na tumbo lake.

"Tulikuita," alisema Tabu.

"Nilidhani ni watu wa soko."

"Sote tulikuita," alisema Mwanaidi.