Njia ya Ng'ombe Munisagara

Irine, wakili wa msaada wa kisheria mjini Kilosa, aliogopa kelele za watu tangu alipokuwa msichana mdogo kwao Mikumi. Kwa hiyo alipofungua kikao cha wakulima na wafugaji wa Munisagara, aliweka sharti moja: hakuna kukashifiana.

Wote wakaitikia. Kisha wakanyamaza.

Marciana, mjane wa Kisukuma, alikuwa na ng'ombe wanaotegemea maji ya mto, na kati ya zizi lake na mto palikuwa na mashamba ya watu. Msimu uliopita ng'ombe hao waliingia kwenye mahindi ya mzee Nassir, na vijana wa pande mbili wakapigana marungu. Sasa mvua zilikaribia. Njia isipopatikana kabla ya kupanda, ama Marciana auze mifugo, ama watu waumizane tena.

"Mzee Nassir, unapendekeza nini?"

"Nasikiliza tu, mwanasheria."

"Mama Marciana?"

"Nami nasikiliza, mwanangu."

Irine akaeleza sheria ya ardhi ya vijiji mpaka koo likamkauka. Watu walitikisa vichwa kwa adabu, kama wanafunzi wanaosubiri kengele.

Wakati wa mapumziko alikwenda kunawa nyuma ya ofisi ya kijiji, akasikia mazungumzo upande wa pili wa ukuta.

"Nyie Wazaramo kulima hamjui," Marciana alikuwa akisema. "Yale mahindi ng'ombe wangu waliyala kwa huruma."

"Msukuma wewe, unamjali ng'ombe kuliko mkweo," Nassir akajibu. "Ukifa nitalala kaburini mwako, sitoki mpaka nipewe dume."

"Dume gani, na umemnyima pa kupita?"

"Nimemnyima lini? Kule kwenye shamba langu, kando ya reli, si nalima nyasi tu? Hukuniuliza. Umeniletea wakili aliyekunja uso."

Irine akabaki na mikono inachuruzika maji. Utani wa Wasukuma na Wazaramo aliujua, aliuona misibani na harusini maisha yake yote. Hakuwahi kufikiri kwamba una kazi mbele ya wakili. Kumbe kwa sharti lake alikuwa amewafunga midomo.

Waliporudi ndani, alisema kwa sauti ndogo, "Lile sharti langu nalifuta. Tanianeni. Ila anayetania aseme pia njia ipite wapi."

Cornel, mwenyekiti wa kijiji, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Hapo kikao kikachemka. Nassir akatoa ukanda wa kando ya reli. Marciana akasema ni mwembamba, ng'ombe wake wanashiba, hawafanani na Wazaramo. Jirani wa Nassir akaongeza hatua kadhaa za shamba lake kwa ahadi ya samadi ya ng'ombe hao. Walipofurahi wakataka kumaliza kwa kupeana mikono, Irine akawazuia.

"Mwenyekiti atakayekuja anaweza kuugawa ukanda huu. Tuupeleke mkutano mkuu wa kijiji, uingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi."

"Huyo sasa ndiye wakili wetu," Nassir akasema.

Mkutano mkuu ulipopitisha, wakapigilia vigingi pamoja. Asubuhi ng'ombe walipoteremka mtoni kwa mara ya kwanza, Nassir alisimama pembeni mwa shamba lake na fimbo, akimtukana kila ng'ombe anayepita, na Marciana akimjibu kwa niaba yao. Irine alifuata nyuma katika vumbi, akitabasamu.